Kutoka Masasi Kwenda Kufundisha Phalombe

Kwetu Masasi, ukimtaja mwalimu wa kujitolea, watu wanajua unamzungumzia nani. Ni mgeni wa Ulaya au Marekani, ana begi kubwa mgongoni, anakaa miezi mitatu, anajifunza kusema "shikamoo" na kula ugali kwa mkono, kisha anaagwa kwa ngoma na zawadi ya kinyago. Sisemi kwa kejeli. Wapo waliotufaa, na hesabu zangu za kidato cha pili zilinyooshwa na mmoja wao. Ninachosema ni kwamba sisi tulijizoea kuwa watu wa kujiwa. Mtu wa Masasi kwenda nchi ya watu kufundisha bure ni habari ya kuchekesha.

Ndiyo maana mwaka jana, nilipowaambia wenzangu kwamba nikimaliza mazoezi ya kufundisha naenda Malawi wiki sita, wa kwanza alicheka. Wa pili akauliza, "Nani anakulipa?" Wa tatu akauliza swali lenye maana zaidi: "Kwani Mtwara walimu wamejaa hadi wamwagike?" Hapana, hawajajaa. Lakini kuna jambo nililikuta Malawi ambalo nadhani sisi tunaosomea ualimu tunalihitaji hapa nyumbani, tena haraka, na ndilo nataka kulieleza.

Kwanza habari yenyewe, kwa waliosahau. Mwanzoni mwa Februari 2023 kimbunga kilichopewa jina la Freddy kilizaliwa upande wa Australia, kikaivuka Bahari ya Hindi yote, kikapiga Madagaska, kikaingia Msumbiji, kikarudi baharini kujaza nguvu, halafu tarehe 11 Machi kikaingia Msumbiji mara ya pili. Shirika la Hali ya Hewa Duniani limethibitisha kwamba kiliishi siku 36, na hakuna kimbunga kilichowahi kurekodiwa kikaishi muda mrefu kuliko hicho. Kilipofika kusini mwa Malawi upepo ulikuwa umepungua, ila kilikuwa kimebeba maji. Mvua ikanyesha siku kadhaa mfululizo, na milima ya Blantyre, Chiradzulu, Mulanje na Phalombe ikaanza kumeguka usiku watu wakiwa wamelala. Waliothibitika kufa ni 679. Wasioonekana hadi leo ni 537. Waliohama makazi yao walizidi 650,000. Tena hayo yote yaliikuta nchi ikiwa katikati ya mlipuko wa kipindupindu ulioua watu zaidi ya 1,700, na mahindi shambani yakiwa yamebakiza wiki chache kuvunwa. Tanzania ilipeleka unga, mablanketi, mahema na helikopta. Kwenye taarifa ya habari tuliona, tukasikitika, tukaendelea na maandalizi ya mitihani.

Mimi lilinigusa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni Kimbunga Kenneth. Aprili 2019 nilikuwa kidato cha tatu, na Mtwara nzima ilikuwa imepewa tahadhari. Mama alitoa vyombo kwenye kichanja, akafunga nyaraka zetu ndani ya mfuko wa nailoni, tukakaa kusubiri. Tarehe 25 kikaingia Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma. Sisi tukaamka salama, wenzetu wakaamka hawana paa. Toka siku hiyo sijawahi kuuona mpaka kama kitu cha kumkinga mtu.

Sababu ya pili ni ya zamani zaidi. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere, huyu huyu aliyeandika vitabu vya sarufi ya Kiswahili, alitoka Zanzibar na makumi ya watu waliokombolewa utumwani. Nia ilikuwa kuwarudisha kwao upande wa Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi, chini ya ile milima ya mawe, wakasema hapa panatosha. Wakakaa. Ndio mwanzo wa misheni, na ndio mwanzo wa mji kama tunavyoujua. Mji wetu basi, kwa sehemu yake, ni kituo cha watu waliokuwa njiani kurudi Malawi ya leo wakaishia katikati. Na tusijipambe: katika waliowauza pia walikuwamo Wayao, na mimi upande wa mama ni Myao. Bibi yangu hadi anafariki alikuwa akisema Chiyao nyumbani na Kiswahili sokoni. Huko Malawi Wayao wamejaa Mangochi, Machinga na Zomba. Wamakua wa kwa baba nao wana ndugu zao huko, wanaitwa Walomwe. Kwa hiyo hiyo "nje ya nchi" niliyokuwa naenda, nusu ya lugha yake nilikuwa nimeshaisikia jikoni kwa bibi.

Safari ilipangwa na kikundi kidogo cha wanafunzi wa ualimu wa vyuo viwili, kila mtu na nauli yake. Yangu ilitoka kwenye bumu nililolibana kuanzia muhula wa pili, na kilo kadhaa za korosho za baba. Ukitazama ramani, kutoka Masasi hadi Phalombe si mbali. Basi halitazami ramani. Unapanda hadi Tunduru, Songea, Njombe, Mbeya, unashuka Kasumulu mpakani, unaingia Karonga, halafu unaikata Malawi yote kutoka kaskazini hadi kusini. Siku nne. Nilifika katikati ya Septemba miguu imevimba.

Phalombe iko chini ya mlima Mulanje. Picha haitoshi kuueleza mlima huo. Umesimama peke yake kwenye tambarare, na kilele chake, Sapitwa, kiko mita 3,002 juu ya bahari. Mtu wa Masasi akiuona anafurahi kwanza, maana anaona milima ya mawe ya kwao iliyokua ikapitiliza. Kisha anaona makovu: michirizi myekundu kutoka juu hadi chini, mahali ambapo msitu na udongo viliteremka pamoja. Mwisho wa kila mchirizi kuna uwanja wa mawe. Mengine yalikuwa makubwa kama daladala. Mtu wa huko akikuonyesha mawe hayo anasema, hapa palikuwa na nyumba ya fulani.

Shule niliyopangiwa ilikuwa imepoteza madarasa mawili, na moja lililobaki lilikuwa na mstari wa tope ukutani, usawa wa kifua changu. Darasa la sita lilikuwa ndani ya hema. Wanafunzi 94, daftari moja kwa wawili, na mwalimu mmoja, mama wa miaka kama hamsini ambaye shule nzima ilimwita Madam, nami nitamwita hivyo hivyo. Nilikuwa chini yake. Nilifundisha hisabati na sayansi, yeye amekaa nyuma anasahihisha madaftari, sikio liko kwangu.

Siku ya kwanza nilijitambulisha kwa wazazi waliokuja kuchukua mahindi ya msaada. Nikasema mimi ni mwalimu natoka Tanzania. Mzee mmoja Myao akafurahi mno, akaniuliza lini naanza kusomesha Kurani. Kumbe kwao neno mwalimu ni la madrasa. Mwalimu wa shule ana jina lake jingine. Tulicheka sote, na tangu hapo watoto wakaniita Madam Tanzania.

Jioni ile Madam alinionyesha rejista. Mwaka wa masomo ulikuwa mpya, umeanza Septemba, kwa hiyo rejista ilikuwa mpya pia, imeandikwa kwa wino wa bluu na mwandiko mzuri. Chini kabisa, baada ya jina la 94, palikuwa na majina matatu kwa penseli.

"Hao husomi," akaniambia. "Na hufuti."

Walikuwa watoto wa darasa la tano waliochukuliwa na maji mwezi Machi, hawakuonekana. Darasa lilipopanda la sita, Madam aliwapandisha nao. Mkuu wa shule alimuuliza kwa utaratibu gani, maana wizara inataka idadi kamili. Akamjibu kwamba idadi kamili iko kwenye wino. Mimi nilimuuliza itakuwa hivyo hadi lini. Akasema, "Mwenye kutoa jina si mimi. Ni mama yake."

Zile taarifa zinaposema watu 537 hawajulikani walipo, unasoma namba unapita. Pale nilielewa namba hiyo inakaaje ndani ya kijiji. Mtu asiyeonekana hazikwi. Asipozikwa, hakuna matanga, na mama hajui akae vipi na watu: aombolezwe au asubiriwe. Wengine walikuwa bado wanaacha mlango bila komeo usiku.

Sasa nifike kwenye lile jambo lililonifanya niandike.

Kijiji kilichopata mafuriko kinatembelewa sana. Wiki ya kwanza niliyokuwapo yalikuja magari matatu. Wageni wanakuja kwa moyo mwema, wanagawa sabuni, wanapiga picha, na wanawauliza watoto swali lile lile: ulipoteza nini? Watoto walishajua kujibu. Kulikuwa na mvulana mmoja, sitamtaja jina, anaishi na bibi yake kwenye eneo jipya walikohamishiwa. Alikuwa amepoteza mdogo wake na ng'ombe wawili. Alikuwa akiyasema hayo kama mtu anayesoma orodha ya vifaa vya shule. Akimaliza anapewa peremende.

Madam hakuwahi kumuuliza swali hilo. Alimuuliza, "Daftari liko wapi?" Siku asipolileta, alikaa wakati wa mapumziko akaandika zoezi lote upya, wenzake wakiwa nje wanakunywa phala, yaani uji wa shule. Uji wake uliwekwa akiba, akanywa baadaye. Siku aliyopata hesabu 3 kati ya 10, aliandikiwa 3, kwa wino mwekundu, si 7 ya huruma.

Mgeni mmoja aliona, akamwambia Madam kwa upole kwamba mtoto huyu amepitia mengi. Madam akamjibu kwa heshima, na mgeni alipoondoka akanigeukia. Maneno yake niliyaandika usiku ule: "Tangu Machi kila mtu anampa. Anapewa blanketi, anapewa sabuni, anapewa pole. Hakuna anayemdai. Mtu asiyedaiwa kitu anajua amehesabiwa kuwa kwisha. Mimi namdai hesabu kumi za kesho. Ili anilipe, lazima kesho iwepo."

Wenzangu, sisi tunaosomea elimu tumefundishwa saikolojia ya mtoto, tumefundishwa kumpokea mwanafunzi aliyepata msiba, na mambo hayo ni ya kweli. Madam mwenyewe alikuwa anakaa na watoto waliolia, tena kwa muda mrefu, na alijua nani haliwi na usingizi. Lakini yeye alikuwa na kitu ambacho sijakikuta kwenye maandishi ya mhadhara wowote: kwamba huruma ikikaa peke yake inamshusha mtoto cheo. Inamtoa kwenye cheo cha mwanafunzi inampeleka kwenye cheo cha mhanga, na kwenye cheo hicho hakuna kupanda darasa. Ukimsahihisha, unamrudisha. Nilimwona yule mvulana siku alipopata 6. Alizunguka hema zima akionyesha daftari, na hakuna mgeni aliyekuwapo siku hiyo.

Somo gumu kuliko yote lilikuwa la maji. Mtaala haujui kama kijiji kimezama, na mada ilifika: mzunguko wa maji, kisha mmomonyoko wa udongo. Mimi kwetu maji ni kitu cha kutafutwa. Nina mama mdogo Newala, karibu na Shimo la Mungu, kule ukingoni mwa uwanda wa Makonde. Juu ya uwanda hakuna mto. Udongo ni kichanga, mvua inanyesha na kuzama yote. Wanawake wa zamani walishuka bondeni usiku na kupanda na ndoo kichwani alfajiri, na hadi leo nyumba nyingi zina kisima cha kuvunia maji ya paa, chenye kufuli. Mtoto wa Newala akisikia ngurumo anatafuta ndoo. Nilikuwa nimesimama mbele ya watoto 94 ambao wakisikia ngurumo wanatafuta mlango.

Tena walikuwa na maelezo yao tayari. Kusini mwa Malawi watu wanasimulia habari za Napolo, nyoka mkubwa anayeishi ndani ya mlima. Akihama kwenda ziwani, mlima unapasuka na maji yanatoka naye. Maafa ya Zomba ya Desemba 1946 yanaitwa Napolo. Maafa ya hapo hapo Phalombe ya tarehe 10 Machi 1991, yaliyoua mamia ya watu, yanaitwa Napolo. Mshairi wao Steve Chimombo aliandika diwani nzima yenye jina hilo. Kwa hiyo mtoto alipoinua mkono akaniuliza, "Madam Tanzania, ni mvua au ni Napolo?", hakuwa anafanya utani, na darasa zima lilinyamaza kusikia mgeni atasema nini.

Madam ndiye aliyejibu. Hakusema nyoka yupo, hakusema hayupo. Alisema: "Kawaulizeni wazee, Napolo wa 1991 alipita wapi." Hiyo ndiyo ikawa kazi ya nyumbani.

Walirudi na majibu: kando ya mwembe wa chifu wa zamani, nyuma ya kanisa, kwenye kivuko cha mawe. Tukatoka nje. Tulikuwa na kamba ya katani yenye fundo kila mita moja, tukapima upana wa makorongo ya 2023, mahali baada ya mahali. Hesabu zikaanzia hapo: vipimo, wastani, skeli ya ramani. Yule mvulana wangu hakutaka kukaribia korongo, akasimama mbali na daftari, wenzake wakawa wanampigia kelele za namba naye anaandika. Hakuna aliyemsukuma. Baada ya wiki moja tulikuwa na ramani ya kijiji kwenye karatasi nne zilizogundishwa kwa uji, yenye mistari ya rangi mbili, mmoja wa 1991 kwa maneno ya wazee, mwingine wa 2023 kwa kamba yetu. Katika sehemu nyingi mistari ilikuwa inapandana.

Msichana mmoja akasema, "Kumbe ana njia yake." Madam akamjibu, "Basi mtu asijenge njiani kwake." Ramani ile ilipelekwa kwenye mkutano wa kijiji, watu wazima wakaibishania hadi giza. Sijui darasa gani la jiografia chuoni limewahi kubishaniwa hadi giza.

Mwishoni mwa Oktoba ilikuja mvua ya kwanza. Wachewa wanaiita chizimalupsa, mvua inayozima mabaki ya moto wa mashamba yaliyochomwa. Ni mvua ndogo tu. Kwetu ingekuwa sherehe. Ndani ya hema watoto wote 94 waliacha kuandika. Hawakupiga kelele, na hilo ndilo lililotisha. Wengine walikuwa wameshashika mifuko yao. Mimi nilikuwa na chaki mkononi, katikati ya mfano wa kugawanya desimali.

Madam aliinuka, akafungua pande zote za hema ili mlima uonekane. Akawatuma wawili wakubwa waende hadi mtoni waangalie mambo mawili tuliyokuwa tumeyasoma: rangi ya maji, na kama kuna sauti ya mawe chini ya maji. Maji yakibadilika ghafla yakawa tope, huko juu kuna kitu kimeachia. Waliondoka wakikimbia. Tukasubiri. Walirudi wamelowa, wakasimama mbele kama askari, wakatoa taarifa: maji ni maangavu, mawe hayasikiki.

"Haya," Madam akasema, "desimali."

Wakaendelea kuandika. Mikono ya wengine ilikuwa inatetemeka, lakini waliandika. Sikumsikia akiwaambia msiogope. Aliwapa namna ya kujua wakati wa kuogopa umefika au bado, na nadhani hiyo inakaa kwa mtu kuliko maneno ya kubembeleza.

Siku mbili kabla sijaondoka alikuja mama mmoja wakati wa mapumziko, amejifunga kitenge, ana mtoto mgongoni. Alisalimia kwa Chiyao nami nikaitikia, akashangaa kidogo. Alikaa kwenye mkeka, akanywa maji, akazungumza habari za mbegu za ruzuku na bei ya mahindi. Kisha akasema kwamba Ijumaa iliyopita wamefanya sadaka ya mtoto wao. Sadaka kwa Wayao ndiyo shughuli ya kumwombea marehemu. Wamekubaliana ukoo mzima. Akasema amekuja kuhusu jina.

Madam alifungua rejista. Hakuchukua kifutio. Alichukua kalamu ya wino, akaandika jina la yule mtoto juu ya penseli, herufi kwa herufi, kwa wino ule ule wa bluu wa wenzake. Kisha akalipigia mstari mmoja ulionyooka, kama anavyofanya mtoto akihamia shule nyingine, akaandika tarehe pembeni. Akamgeuzia mama rejista aone. Yule mama hajui kusoma. Aliweka kidole juu ya mstari, akauliza mwanawe ni wa ngapi. Nikamwambia, wa 95. Akarudia mara mbili kwa sauti ya chini, akashukuru, akaondoka. Kengele ikapigwa na kipindi cha saa tano kikaanza, maana kilikuwa na mtihani.

Hayo ndiyo niliyoyaona. Sasa nirudi nyumbani, maana sikuandika haya ili mtu anisifu kwa safari.

Mwezi mmoja tu baada ya mimi kurudi chuoni, tarehe 3 Desemba 2023, tope la mlima Hanang liliishukia Katesh na kuua zaidi ya watu 80. Aprili 2024 Waziri Mkuu aliliambia Bunge kwamba mvua za msimu ule zilikuwa zimeua watu 155 nchini, na Rufiji na Kibiti vijiji vilikuwa ndani ya maji. Hapa chuoni tulichanga. Nilibeba maboksi ya nguo mwenyewe, na kila aliyetoa shati alitoa kwa moyo. Lakini nguo zinafika wiki ya kwanza. Darasa la sita la Rufiji linaendelea wiki ya ishirini na sita, wakati magari hayaji tena, mwalimu ni mmoja, rejista ina majina ya penseli, na mtoto hajadaiwa kazi ya nyumbani tangu maji yaje.

Sisi tuko mamia ya wanafunzi wa ualimu na kila mwaka tuna likizo ndefu. Napendekeza chama chetu kiweke orodha ya watu walio tayari kwenda kwenye shule zilizopata mafuriko miezi sita baada ya tukio, si siku sita. Masharti yawe machache. Uende na chakula chako, kwa sababu huko hakuna cha ziada. Uwe chini ya mwalimu wa pale, na ufundishe anachotaka yeye. Usipige picha za watoto. Usiulize walipoteza nini. Wakitaka kukueleza watakueleza wenyewe, mara nyingi mkiwa njiani au mkifagia darasa. Sahihisha madaftari yote, kila siku, na andika alama ya kweli.

Septemba hii Madam alinitumia ujumbe. Darasa limepanda la saba, na majina mawili ya penseli yamepanda nalo. Yule mvulana wa hesabu sasa ni kiranja wa zamu ya mto. Anaomba vitabu vya hisabati vya zamani, hata kama vina maandishi pembezoni, na kamba nyingine, kwa sababu ile ya katani imeoza na anataka wapime makorongo yote upya kabla ya mvua za Novemba. Vitabu nakusanya hadi mwisho wa mwezi katika ofisi ya chama, kila siku baada ya saa kumi. Kamba nimeshanunua, mita 50.